Vijijini wanatunza misitu mikubwa, mjini tunashindwa kutunza uwanja mmoja wa mpira

Jumapili iliyopita nilipita mtaa niliokulia, sikuwa nimepita pale muda mrefu, nikataka nimuonyeshe mwanangu tulipokuwa tunachezea mpira na rede na kombolela enzi zetu, nafika kwenye kona nasimama kwa sababu uwanja haupo. Kuna ukuta, kuna geti jeusi, ndani wanaosha magari, upande wa barabarani kuna fremu zimepangishwa, duka la vipodozi, wakala wa pesa, banda la chipsi. Mwembe uliokuwa pembeni, ule ambao kina mama walikuwa wanakaa chini yake kusubiri maji ya bomba, umebaki kisiki na juu ya kisiki wameweka ndoo za sabuni. Mwanangu akaniuliza, baba mlikuwa mnachezea wapi sasa, humu ndani? Nikakosa cha kumjibu.

Nikamkuta mzee mmoja jirani yetu wa zamani amekaa barazani, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamuuliza uwanja umeendaje. Akaniambia, "Walikuja na karatasi mwanangu. Sisi wote hapa tunajua ni uwanja wa watoto, lakini karatasi hatukuwa nayo."

Mtaa siutaji na watu siwataji, kwa sababu najua ukisoma hapa na wewe unao wa kwako. Ila hiyo kauli ya mzee nimelala nayo wiki nzima, kwa sababu nimefanya kazi na watu wa upimaji miaka kadhaa na najua amegusa penyewe.

Eneo la wazi mjini linazaliwa hivi: afisa mipango miji anachora mchoro, viwanja vya makazi vinapewa namba, barabara zinaachwa, shule inaachiwa nafasi yake, na sehemu fulani inapakwa kijani kwamba hii ni ya wazi, ya wote. Mchoro unapitishwa. Baada ya hapo kila mwenye kiwanja anahangaika na hati yake, anaweka bikoni za mipaka, anajenga ukuta, anaulinda. Ile sehemu ya kijani haihangaikiwi na mtu. Haina hati, mawe ya mipaka kama yaliwekwa yameshang'olewa, kwenye bajeti ya halmashauri haina mstari, hakuna mtumishi ambaye kazi yake ni kwenda kuikagua hata mara moja kwa mwaka. Kisheria halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema hivyo, kwa hiyo yule anayetakiwa kulilinda lile eneo yupo na anajulikana kabisa. Lakini ulinzi wenyewe umebaki kwenye mchoro, na mchoro umekunjwa kabatini.

Na uvamizi hauanzi kwa tingatinga. Unaanza na kibanda cha bati cha kijana anauza vocha na sigara, nani atamfukuza kijana anajitafutia riziki. Mwaka unaofuata kibanda kimekuwa cha mbao, kina friji, kimevuta umeme. Halafu anakuja mtu mwenye uwezo kidogo anasema nipeni nitunze hapa, nitapanda maua na majani, watu wapumzike. Anapanda kweli, miezi michache ni bustani nzuri, halafu vinaingia viti, vinaingia vinywaji, inaingia jiko la nyama choma, inaingia fensi "kwa ajili ya usalama". Akishaanza kulipa ushuru anapata risiti, na mjini hapa risiti ni nusu ya hati. Siku wananchi wanaamka kulalamika, mwenzao ana faili nene na wao wana kumbukumbu tu za utotoni.

Sasa linganisha na vijiji. Watu wengi wa mjini hatujui kwamba Tanzania tunasifika duniani kwenye jambo hilihili la serikali ndogo ya chini kabisa kutunza eneo la asili, na hao tunaosifika kwao ni wanakijiji.

Kule Babati kuna msitu unaitwa Duru-Haitemba, ni miombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa na mpango wa kuutangaza kuwa hifadhi, maana yake uondoke kwenye mikono ya vijiji vinavyouzunguka. Watu wakaona kama unachukuliwa basi bora wavune mapema, wakawa wanakata, wanachunga, wanachoma mkaa, hali ikazidi kuwa mbaya. Baada ya mvutano ikaamuliwa vijiji vyenyewe viachiwe, kila kijiji na sehemu yake. Wakaweka kamati zao, wakatunga sheria zao, wapi pa kuchungia na lini, kuni zipi ruhusa, nini marufuku kabisa, faini kiasi gani, na vijana wa kijiji wakaanza kufanya doria. Watu walewale waliokuwa wanaumaliza ndio wakageuka walinzi. Hakuna aliyewapa semina ya uzalendo, walichopewa ni mamlaka na mpaka unaojulikana.

Yaliyojifunzwa kule ndiyo yakaja kuingia kwenye sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuwekea sheria ndogo, na mapato yanayotokana na mazao ya msitu ule yakabaki kijijini. Nenda Kiteto uone msitu wa SULEDO, jina limetokana na kata za Sunya, Lengatei na Dongo, zaidi ya hekta 160,000 zinatunzwa na vijiji, mwaka 2002 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Nenda Kilwa, vijiji vyenye mpingo vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwamba wanavuna bila kumaliza msitu, na hela ya magogo imeingia kwenye madarasa na huduma za kijiji. Siyo kwamba vijijini kila kitu kiko sawa, wapo viongozi wa vijiji waliouza ardhi, na mkaa tunaopikia hapa Dar unatoka kwenye misitu ya watu. Lakini pale palipokaa vizuri ukiangalia sababu ni zilezile kila mahali: mpaka unajulikana, kamati inajulikana kwa majina, na mkutano mkuu wa kijiji ambao sheria inataka ukae kila baada ya miezi mitatu unaweza kumsimamisha mtu akaeleza hela imekwenda wapi.

Mjini tuna maafisa wenye digrii, tuna ramani za kompyuta, tuna magari, na hatujaweza kufanya kile alichofanya mkulima wa Babati mwenye fimbo na daftari. Hili linaniuma kweli.

Na siyo suala la michezo ya watoto peke yake. Dar ina mabonde, hiyo ndiyo asili yake, maji yanashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, yanaingia Msimbazi, yanapita Jangwani yanamwagika baharini pale Salenda penye mikoko. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde la Msimbazi kwenye maeneo hatarishi, yaani miaka zaidi ya arobaini iliyopita wataalamu walishasema hapa msijenge. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo ikaja na mita 60 kutoka kingo za mto. Tukajenga. Wakajenga maskini kwa sababu ndipo palipokuwa na bei wanayoiweza, wakajenga wenye nazo, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, tukaona mabasi yamesimama kwenye maji. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar, familia zikahamishiwa Mabwepande. Sasa hivi kuna mradi wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia peke yake imeweka mkopo wa dola milioni 200, nyumba zimevunjwa na watu wamelipwa fidia, daraja jipya, kuchimba mto, na eneo la wazi la kupumzikia wananchi. Mimi naunga mkono ule mradi. Lakini tuseme ukweli, tunakopa mabilioni ya shilingi kurudisha wazi eneo ambalo lilikuwa wazi, ambalo kulilinda tangu mwanzo kungegharimu mawe ya mipaka, walinzi, na kiongozi wa kusema hapana.

Hela. Kila ukizungumza na watu wa halmashauri watakuambia hatuna hela, na siwabishii sana, vyanzo vyao vya mapato ni vyembamba na eneo tupu barabarani linawatazama kama hela iliyolala. Lakini angalia, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa sababu imewekwa kwenye sheria, ndiyo maana mwananchi anaweza kudai na mkaguzi anaweza kuuliza. Maeneo ya wazi hayana asilimia yoyote. Hata nusu asilimia ingetosha kulipa walinzi, kupima upya, kupanda miti na kuimwagilia ule mwaka wa kwanza ambao ndio inakufa. Kila mwaka tunapanda miti siku ya kupanda miti, kamera zipo, na kiangazi kikifika hakuna ndoo ya maji.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni gumu na sitalikwepa. Mara nyingine anayemeza uwanja ni kituo cha afya, au darasa, au ofisi ya kata. Unampingaje mtu anayejenga wodi ya wazazi? Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012, ikafika milioni 5.38 mwaka 2022, hao watoto watasoma wapi. Nimewaza sana na bado msimamo wangu ni kwamba tujenge kwenda juu. Shule za ghorofa zimeshaanza kujengwa hapa mjini, inawezekana. Uwanja ukishajengwa haurudi, na watoto wa darasa lilelile jipya watakosa pa kukimbilia mapumziko. Na machinga vilevile, wana haki ya sehemu nzuri ya biashara yenye choo na wateja, ila kuwahamishia kwenye eneo la wazi ni kuwagombanisha maskini wawili, muuza mitumba na mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja.

Kwa sababu mwenye nafasi ana ua wake nyumbani, ana klabu, watoto wake wana bwawa la shule. Sisi wengine tuna viwanja vya wazi vya Mnazi Mmoja, Biafra na Mwembe Yanga, tuna ufukwe wa Coco Jumapili jioni na mihogo ya kukaanga na kachumbari, unakaa kwenye mchanga na familia na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Mnazi Mmoja penyewe mkoloni alipaacha wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini, kilikuwa kipande cha ubaguzi, na watu wakakigeuza, TANU ikafanyia mikutano pale na Jangwani, Nyerere akasimama akazungumza na umma uliokuwa hauna ukumbi mwingine wa kuutosha. Eneo la wazi ndiyo sebule ya mtu asiye na sebule.

Kwa hiyo ninachotaka kwa halmashauri kinaeleweka. Kila eneo la wazi lipimwe na lipate hati kwa jina la halmashauri, matumizi yaandikwe humo ni ya umma, ili siku mtu akija na karatasi akute karatasi nyingine imemtangulia. Orodha ya maeneo yote ya kata ibandikwe ofisi ya kata, na ukubwa wake, na kama yamekodishwa, amekodishiwa nani, kwa shilingi ngapi, mpaka lini. Mtaa uwe na kamati yake kama ya kijiji, yenye nguvu kisheria, siyo kamati ya chai. Na kubadili matumizi ya eneo kusipite kwenye kamati ya mipango miji kabla wakazi hawajaitwa na kusema kwenye mkutano ambao muhtasari wake unasomeka. Diwani akija kuomba kura aulizwe hili kabla ya kuulizwa barabara.

Karibu na ninapoishi sasa kuna kiwanja bado kipo, Jumamosi vijana wana bonanza, asubuhi wazee wa jogingi wanakizunguka. Kona moja pameshaota kibanda cha bati. Juzi tumekaa majirani tisa tukaandika barua kwa mtendaji, nakala kwa diwani, tunaomba mchoro wa mipango miji wa eneo letu na tunaomba mawe ya mipaka yarudishwe, tukaipeleka kwa mkono na kopi yetu tukaigongesha muhuri wa kupokelewa. Majibu bado. Mkutano wa mtaa umetangazwa wiki ijayo, nitakwenda na hiyo kopi, nitanyoosha mkono, na nitaomba swali langu liandikwe kwenye muhtasari.