Unasali Wapi?

Siku niliyohamia Tabata, godoro likiwa bado juu ya kirikuu, mama mwenye nyumba alipokea shikamoo yangu kisha akaniuliza maswali matatu papo kwa papo: kwetu wapi, nafanya kazi gani, na nasali wapi. Mawili ya kwanza niliyajibu huku nashusha vyombo. La tatu likanisimamisha. Nikataja parokia niliyobatizwa, safari ya siku nzima kwa basi kutoka pale.

"Huko ulibatizwa, mwanangu," akasema. "Nimekuuliza unasali wapi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nasali, tena kila siku. Sikuwa na mahali tu.

Kiswahili chetu cha mtaani kimeshakata shauri hili kitambo. Tukisema "fulani hasali", hakuna aliyemchungulia chumbani akaona kama anapiga magoti. Tunachomaanisha ni kwamba hatumwoni kanisani. Kwa majirani zetu Waislamu neno limekaa kivingine kidogo. "Mtu wa swala tano" ni sifa ya anayeswali popote wakati unapomkuta: msikitini, nyuma ya magunia ya mchele dukani kwake, au kwenye kipande cha boksi pembeni ya stendi. Wakristo tumelifunga neno kusali kwenye jengo, halafu tunashangaa mtu akitoka kwenye jengo anaonekana ametoka na kwa Mungu.

Mimi ni Mkatoliki, na zaidi nitaongelea ya kwetu, kwa kuwa nyumba unayolala ndiyo unayojua inavujia wapi. Niseme mapema ninaposimama. Siamini kwamba kuhudhuria ibada ndiko kunakomfanya mtu awe mcha Mungu. Lakini ile kauli ya "Mungu anaangalia moyo", jinsi tunavyoitumia sisi tuliochoka kuamka Jumapili, nayo siiamini tena. Niliitumia miaka miwili. Naijua ilivyo tamu.

Kilichonirudisha kwenye swali hili ni msiba. Mtaani kwetu alifariki baba mmoja, dereva wa basi la mikoani. Kwa ratiba ya kazi yake Jumapili ilikuwa siku kama Jumanne: saa kumi na moja alfajiri yuko stendi, jioni yuko mji mwingine, kesho yake anarudi. Viongozi wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, walipoitwa walifika na daftari la mahudhurio. Jina lilikuwepo, tena limeandikwa kwa mwandiko mzuri, lakini mbele yake safu nzima ilikuwa tupu. Wakaomba kadi ya zaka. Mjane akaingia ndani, akakaa sana, akatoka nayo imekunjwa mara nne. Ilikuwa na miezi kumi na minne haijajazwa. Mbele ya waombolezaji, chini ya turubai, mtu akaihesabu ile miezi kwa kidole.

Misa haikupatikana. Alikuja katekista kwa pikipiki, akasoma sala kwa kama dakika ishirini, akanyunyiza maji ya baraka, akaondoka. Simlaumu yule katekista. Alitumwa, na alisali kwa heshima.

Ilipofika zamu ya wafanyakazi wenzake kuongea, kondakta wake alisimama. Kijana mdogo, sauti inakwama. Akasema kwamba kila alfajiri, kabla ya kuwasha gari, mzee alikuwa anainamisha kichwa kwenye usukani, anakaa hivyo muda wa Salamu Maria kumi hivi. Abiria wapya walikuwa wanalalamika kwamba dereva anasinzia kabla safari haijaanza. "Mimi ndiye nilikuwa nawatuliza," akasema, "nawaambia acheni amalize."

Nikatazama pale lilipokuwa lile daftari, juu ya kiti cha plastiki, kalamu imebanwa katikati.

Baadaye nilikwenda kusoma sheria yenyewe, maana kwetu watu wengi hutaja "sheria ya Kanisa" bila kuifungua. Wajibu wa Misa upo, sitaupunguza: kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka waamini washiriki Misa Dominika, yaani Jumapili, na sikukuu za amri. Wakati wa mafundisho ya komunyo tuliikariri kama ya kwanza katika amri za Kanisa, tukapigwa fimbo tulipoisahau. Lakini Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inapofafanua wajibu huo katika namba 2181, inawatoa wenye sababu nzito, kama wagonjwa na wanaolea watoto wachanga. Na kanuni ya 1248 inajua kwamba kuna mahali padri hafiki, ikawahimiza watu wakusanyike kwa ibada ya Neno au wasali kama familia. Vigango vyetu vingi vya vijijini vinaishi hivyo hivyo. Padri anakuja mara moja kwa mwezi mvua ikiruhusu, Jumapili nyingine ni katekista na kwaya.

Kuhusu maziko, kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, mlango unafunguka. Na penye shaka anaulizwa askofu. Kadi ya zaka haimo. Najua kuna atakayenijibu kwamba asiyeonekana kanisani miaka nenda rudi anaingia kundi la mwisho, la wadhambi wa wazi. Basi anionyeshe nani pale msibani angekwazwa kwa yule dereva kuzikwa na padri. Waliokwazika niliwaona, na hawakukwazwa na marehemu.

Kinachoniuma zaidi ni historia ya hizi jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Fikra yake ilikuwa nzuri mno: parokia ni kubwa, watu hawajuani, basi Kanisa lishuke hadi kwenye nyumba kumi au ishirini, watu wasome Injili uani kwa mtu, wajue nani anaumwa na nani hana ada ya mtoto. Jumuiya ilianzishwa ili mtu asiwe mgeni. Sasa katika mitaa mingine ndiyo ofisi ya kuthibitisha nani ni mgeni.

Mtu akisoma hadi hapa atadhani nawaambia walale Jumapili. Hapana. Turudi kwenye ile miaka yangu miwili.

Nilianza vizuri. Rozari jioni, zaburi asubuhi, mshumaa kabisa. Nilijiona nimeingia kwenye kile chumba cha ndani ambacho Yesu anasema katika Mathayo sura ya 6 tuingie, tufunge mlango. Baada ya miezi mitatu rozari ikawa kumi moja badala ya tano. Ikahamia kitandani. Ikahamia kwenye daladala, kati ya Buguruni na Kariakoo, ikigombana na redio ya dereva. Mwishoni nilikuwa nasali bosi akiniita ofisini tu.

Ila kulegea peke yake si hoja. Walegevu wapo hata viti vya mbele, nawajua kwa majina. Kulikuwa na jambo jingine, na nililigundua kwa kuchelewa. Katika miaka ile yote Mungu hakuwahi kunipinga. Nilisoma zaburi nilizozipenda, nikaruka sura zinazochoma. Hakuna aliyenisomea nilichokuwa nakikwepa. Kanisani huchagui somo. Unakaa pale umejiandaa kusikia habari za Mchungaji Mwema, unakutana na yule mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Halafu unafika wakati wa kutakiana amani, unageuka na mkono umeshaunyoosha, na aliye nyuma yako ni fundi aliyekula malipo ya awali ya kabati lako na simu hapokei. Hilo lilinitokea Jumapili ya pili baada ya kurudi. Nikampa mkono. Kabati sijalipata hadi leo, lakini sala ya chumbani isingenifikisha kwenye ule mkono.

Na wanaopenda mstari wa chumba cha ndani, kama nilivyoupenda mimi, huwa hawafiki Luka sura ya 4, inaposemwa kwamba Yesu aliingia katika sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake". Alikuwa na desturi. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema hahitaji mahubiri ya mtu yeyote, ni yeye.

Kwa hiyo kipimo changu kikoje? Nadhani dini inahitaji watu zaidi ya inavyohitaji jengo, na inahitaji jengo zaidi ya inavyohitaji orodha. Watazame bibi zetu wa pwani. Ijumaa ya msikitini si faradhi kwa mwanamke, na kwa vizazi vingi misikiti mingi ya mwambao haikuwa hata na sehemu yao. Nani alithubutu kusema hawana dini? Wengi wao ndio waliokaa na watoto kwenye vyuo vya majumbani, mkeka chini, msahafu kwenye marufaa, wakawasomesha alifu kwa kijiti hadi wakahitimu. Hadithi mashuhuri ya Mtume inasema swala ya jamaa ina daraja ishirini na saba zaidi ya swala ya mtu peke yake. Fadhila hiyo inawahimiza wenye nafasi ya kwenda, lakini haikuwahi kumfuta yule bibi.

Au Wakristo wa Japani. Dini ilipigwa marufuku mwaka 1614, mapadri wakafukuzwa au wakauawa. Machi 1865 kundi la wanavijiji lilimwendea padri Mfaransa, Bernard Petitjean, katika kanisa jipya la Oura mjini Nagasaki, wakamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wake. Zaidi ya miaka 200 bila Misa! Watu hutumia kisa hiki kuthibitisha kwamba ibada si lazima. Mimi nakisoma vingine. Misa hawakuwa nayo, lakini walikuwa wanakutana kwa siri, wakibatiza watoto wao wenyewe, wakigawana kazi: huyu anatunza kalenda ya sikukuu, yule anabatiza. Kila mmoja angejifungia na moyo wake, sijui Petitjean angemkuta nani.

Hapa Afrika Mashariki tulipata jaribio letu mwaka 2020. Tanzania makanisa na misikiti viliachwa wazi. Kenya vilifungwa Machi, na vilipofunguliwa tena Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi mia, ibada ya saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Mama mkubwa yuko Nairobi na alikuwa ameshavuka sitini. Katika maisha yangu sijamjua akikosa Jumapili, hata na miguu yake ile. Aliniambia kwenye simu, kwa hasira kabisa, kwamba wanaruhusiwa vijana ambao hata kabla ya corona hawakuwa wanaenda. Alivaa kitenge chake cha Jumapili vilevile, akakaa sebuleni akafuata Misa kwenye televisheni, akiitikia kwa sauti hadi jirani wa flati ya juu akashuka kuitikia naye. Hapo ndipo hasira ilipopungua, alipopata mtu wa kuitikia naye.

Mwaka jana jumuiya yetu ilifanya uchaguzi na, kwa dhambi zangu, nikachaguliwa katibu. Daftari sasa ninalo mimi. Tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, na nikimaliza kusoma majina naweka vema kwa aliyepo na mkato kwa asiyekuwepo. Kuna jina moja lilikuwa na mikato kumi na moja mfululizo. Ni mlinzi, analinda ghala huko Vingunguti, anatoka lindo saa kumi na mbili asubuhi.

Jumamosi mbili zilizopita, baada ya sala, nilimwomba mama mwenye nyumba wangu na kijana mmoja wa kwaya tupitie kwake. Tulimkuta anafua sare. Alishtuka kuona daftari, akaanza kujieleza kabla hatujakaa, na mkewe akaingia ndani kuitafuta kadi. Mama akamwambia, "Kaa chini, baba, hatujafuata kadi." Tukasoma Injili ya Dominika. Katikati ya maombi akapitiwa na usingizi, kidevu kifuani, sabuni bado imekauka mikononi. Tulimalizia kwa sauti ya chini, tukaondoka bila kumwamsha.

Nilimwekea vema. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alilipitia daftari, akakiona, akaniuliza ni lini yule bwana alifika. Nikamwambia hakufika, tulifika sisi. Akakiangalia tena kile kialama, akafungua ukurasa mwingine, akauliza wiki ijayo tunasali kwa nani.