Niger sawa, na ushuru wa Mwaloni je?

Mheshimiwa mbunge amezungumzia mapinduzi ya Niger na usimamizi wa matumizi ya serikali. Namuunga mkono anapotaka wanajeshi wa Niger, waliompindua Rais Mohamed Bazoum Julai 2023, wawarudishie wananchi madaraka. Kura ni kura, iwe Niamey au Nyamagana hapa Mwanza. Ila suala la kusimamia matumizi ya serikali hapa kwetu amelipitia juu juu, na hapo ndipo tunapoumia.

Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema. Mama analipia ushuru magunia yake ya dagaa, anakatiwa risiti ya mashine ya POS, ile ya kielektroniki ya kukusanyia mapato, hata kama mvua ilimlowesha nusu ya mzigo. Halafu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anaandika, tena si mara moja, kwamba zipo halmashauri ambazo makusanyo ya mashine hizo hayakufika benki! Ripoti inawekwa mezani bungeni Aprili, mjadala wenyewe wa kamati za Bunge unasubiri hadi Novemba. Kufikia hapo mhusika keshahamishwa kituo. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali. Mheshimiwa adai mjadala huo ufanyike Juni, kabla bajeti haijapitishwa, na halmashauri zenye hoja za ukaguzi zitajwe kwa majina.