Tumbo kubwa si ushahidi wa mayai

“Jike wangu amevimba, atataga lini?” Wafugaji wa samaki wa mapambo huulizana swali hili kila siku, na kwa kawaida huja na picha iliyopigwa kutoka ubavuni. Picha ya namna hiyo haisaidii. Kwa ubavuni, samaki mwenye mayai, samaki mnene, samaki aliyefunga choo na samaki ambaye figo zake zimeanza kushindwa kazi wote wana tumbo lile lile.

Msimamo wangu ni huu: ukishindwa kuamua, mhesabu kuwa ni mnene. Jike mwenye mayai akipunguziwa chakula kidogo kwa wiki moja hapotezi kitu cha maana. Lakini mnene akiongezewa viluwiluwi vya mbu mara tatu kwa siku kwa kuwa mwenye tangi anasubiri vifaranga, mafuta yanamjaa kwenye ini na kuzunguka utumbo, na hata wakati wa kutaga ukifika mayai yanagombania nafasi na mafuta hayo. Kosa la kwanza unalirekebisha kwa siku chache. La pili linachukua miezi, na ini lililokwisha kuharibika huenda lisirudi.

Anza kwa kumtazama kutoka juu, asubuhi, kabla hajala. Mafuta hujipanga sawasawa pande zote mbili. Huanzia nyuma ya kichwa, hujaza kifua, hufanya mgongo kuwa mpana, na kwa samaki wengi hata shina la mkia hunenepa. Mayai hukaa nyuma zaidi, kuelekea tundu la haja, na kwa samaki wa dhahabu mara nyingi upande mmoja hutokeza kuliko mwingine. Kwa hiyo tumbo lililopinda kidogo ukilitazama kutoka juu ni dalili nzuri ya mayai kuliko tumbo lililo duara kamili. Kuna aina za samaki wa dhahabu, kama ranchu na oranda, ambazo zimezalishwa kwa vizazi vingi ili ziwe za mviringo. Hao usiwalinganishe na samaki wengine. Mlinganishe kila mmoja na picha yake mwenyewe ya mwezi uliopita, iliyopigwa kutoka pembe ile ile.

Kisha angalia tundu la haja. Jike wa samaki wa dhahabu aliyekaribia kutaga, tundu lake hutokeza nje kidogo na ngozi inayolizunguka hulegea. La dume ni jembamba na limelala ndani. Dume aliye tayari huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Watu wengi huvidhania kuwa ugonjwa wa madoa meupe, wakamwaga dawa tangini. Tofauti iko kwenye mpangilio: vipele vya uzazi hukaa sehemu hizo mbili, mara nyingi kwa mstari, ilhali madoa ya ugonjwa hutawanyika ovyo mwilini na mkiani, na samaki hujikwaruza kwenye mawe. Samaki wa dhahabu hutaga mayai majini na dume huyarutubisha nje, kwa hiyo kama hakuna dume mwenye vipele na hakuna anayemfukuza jike na kumsukuma tumboni kwa kichwa, usikae ukisubiri vifaranga. Kiasili hutaga baridi ikiisha na maji yakianza kupata joto. Katika tangi la Dar es Salaam au Mombasa ambalo joto la maji halibadiliki sana, msimu hautakusaidia kukisia.

Gapi, samaki mdogo wa mapambo, ni habari nyingine, kwa sababu huzaa vifaranga hai. Hapa kalenda ina nguvu kuliko macho. Mimba huchukua wiki tatu hadi nne hivi, hupungua kidogo maji yakiwa ya moto na kurefuka yakipoa. Andika tarehe aliyozaa mara ya mwisho. Doa jeusi karibu na tundu la haja si uthibitisho peke yake, maana karibu kila jike aliyekomaa analo. Kinachosema kitu ni mabadiliko yake: doa linakua, linakolea, na siku za mwisho tumbo linakuwa na kona kama sanduku badala ya kuteremka polepole. Kwa gapi wa rangi nyepesi unaweza hata kuona macho ya vifaranga ndani. Usiseme pia kwamba hawezi kuwa na mimba kwa kuwa anaishi peke yake; jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa na huzaa zaidi ya mara moja bila kumwona dume tena. Na zikipita wiki sita tumbo liko vile vile, uwezekano ni miwili: ni mnene, au alikwisha zaa usiku na wenzake wakala vifaranga vyote kabla hujaamka. Uwezekano huu wa pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye tangi lisilo na majani ya kujifichia.

Sasa tuje nyumbani hasa. Samaki wa maziwa yetu kama furu wa Ziwa Viktoria, mbuna wa Ziwa Nyasa na Tropheus wa miamba ya Ziwa Tanganyika hulea mayai mdomoni. Jike hutaga, hukusanya mayai kwa kinywa, na kuanzia hapo kinachovimba ni koo. Tumbo linapungua. Anayemtazama mbuna tumbo akitafuta mimba anatazama mahali pasipo na kitu, isipokuwa siku chache kabla ya kutaga ambapo tumbo hujaa kiasi na mrija wa mayai hutokeza.

Hapa ndipo watu hupoteza samaki. Mbuna au Tropheus anayelea huacha kula, au hula kidogo sana. Mbuna au Tropheus mwenye ugonjwa wa kuvimba tumbo naye huacha kula. Mwenye tangi anaona samaki amejitenga kwenye kona na hagusi chakula, anafurahi kwamba analea, anasubiri wiki tatu. Siku ya tano samaki amekufa. Tofauti ni rahisi ukijua pa kutazama. Anayelea koo lake limeshuka, taya linachezacheza kama anayetafuna kwa sababu anageuza mayai, tumbo ni jembamba, na akiguswa anakimbia kwa nguvu. Mgonjwa koo lake ni la kawaida, tumbo limejaa, anapumua haraka, na kinyesi chake ni uzi mweupe mrefu. Huyo wa pili hasubiriwi: mhamishe, badilisha maji, tafuta dawa ya vimelea vya tumbo siku hiyo hiyo. Mbuna hulea kwa wiki tatu hivi, Tropheus karibu mwezi. Chanzo kinachotajwa sana cha ugonjwa huu kwa Tropheus ni chakula. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa mwani unaokwanguliwa kwenye mawe mchana kutwa, halafu mtu anamlisha moyo wa ng'ombe. Mafuta ya mnyama wa nchi kavu huganda kwenye joto la maji ya tangi, na mimi sioni sababu ya kumpa samaki yeyote anayekula mwani.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kufunga. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa siku mbili bila chakula bila kudhurika (si vifaranga, si jike anayelea). Mpige picha kutoka juu kabla na baada. Tumbo likipungua, lilikuwa chakula au choo kilichokwama. Kwa samaki wa dhahabu, punje moja au mbili za njegere zilizochemshwa na kumenywa hutosha kumalizia. Lisipopungua hata kidogo, ni mayai, mafuta au maji. La maji utalijua: magamba yanasimama kama koni ya msonobari, na mara nyingi macho hutokeza. Hiyo ni dalili ya figo na mwili kushindwa kutoa maji, na samaki wengi wanaofikia hapo hawaponi.

Wenye mizani ya jikoni inayosoma gramu wanaweza kwenda mbali zaidi. Weka bakuli la maji ya tangi juu ya mizani, irudishe sifuri, mchote samaki kwa wavu, acha maji yachuruzike, mtumbukize. Pima urefu kutoka mdomo hadi mwanzo wa mkia, rula ikiwa ndani ya maji kando yake, maana ukipima kupitia kioo unapata makosa. Zidisha uzito wa gramu kwa 100, kisha ugawe kwa urefu × urefu × urefu kwa sentimita; jibu linaonyesha unene wake kwa urefu alionao. Samaki wa sentimita 10 na gramu 40 anapata 4.0. Baada ya wiki sita akiwa na sentimita 10.2 na gramu 44, anapata karibu 4.15: amekua tu. Akibaki sentimita 10 na kufika gramu 48 ni 4.8, na hilo si kukua. Namba hii haifai kulinganisha aina tofauti, na haitenganishi mayai na mafuta siku moja. Mafuta huipandisha polepole bila kushuka. Mayai hupotea yote kwa asubuhi moja. Jihadhari na samaki wadogo: kwa wa sentimita 5, kukosea milimita mbili kwenye urefu kunabadilisha jibu kwa zaidi ya asilimia 10.

Ikiwa umeamua ni mnene, achana na ile kanuni ya kuwapa wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula, anaokota siku nzima, na kwa dakika mbili anameza kuliko anachohitaji hadi kesho. Anza na asilimia moja ya uzito wake kwa siku: kwa samaki wa gramu 40 ni gramu 0.4 za tembe kavu za chakula cha samaki. Pima gramu moja ya tembe zako, zihesabu, ujue gramu 0.4 ni tembe ngapi, uzigawe mara mbili. Mboga za majani mpe pembeni. Usimfungishe wiki nzima ukitaka haraka, na usitarajie tofauti ya kuonekana kwa macho kabla ya wiki nne.