Bagamoyo Haikufungwa, Lakini Wageni Hawakuja

Kila mjadala wa janga la UVIKO-19 unapofika kwenye hoteli na utalii, hutolewa jibu moja ambalo kwa hakika ni la kweli: Tanzania haikuwafungia watu ndani, hivyo Serikali haikuwa na deni kwa mwenye hoteli ambaye hakuamriwa kufunga mlango. Sipingi ukweli huo. Ninachopinga ni kuutumia kana kwamba umemaliza hoja, kwa sababu mji kama Bagamoyo hauishi kwa milango iliyo wazi, bali kwa makundi mahususi ya wageni, na makundi hayo yalizuiwa moja baada ya jingine kwa amri za Serikali, yetu na za wenzetu.

Hapa kwetu mtalii wa kigeni ni sehemu tu ya biashara. Hoteli nyingi za pwani hii hutegemea semina na warsha za taasisi za Dar es Salaam. Waongoza watalii hutegemea mabasi ya wanafunzi wanaoletwa kuona magofu ya Kaole, Boma na makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki. Na nyumba za wageni hupata pumzi yake wakati wa tamasha la kila mwaka la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Machi 17, 2020 shule zilitangazwa kufungwa na mikusanyiko ikazuiwa. Aprili 12 ndege za kimataifa za abiria zikasitishwa, na ingawa anga lilifunguliwa tena Mei 18, nchi wanakotoka wageni zilikuwa bado zimewafungia watu wake. Kitaifa, watalii walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na hesabu hiyo haimgusi kabisa mwanafunzi wa Morogoro ambaye hakufika Kaole.

Je, msaada haukuwapo? Ulikuwapo. Mei 2020 Benki Kuu ilipunguza amana ambazo mabenki hulazimika kuiwekea kutoka asilimia 7 hadi 6, ikashusha riba ya kuyakopesha mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, na ikaruhusu wakopaji walioathirika wapangiwe upya marejesho. Zilikuwa hatua za busara. Lakini zilimfikia mtu aliyekwisha kuwa na mkopo wa benki, na hata huyo kwa hiari ya benki yake. Mchonga vinyago, mama lishe anayewapikia wafanyakazi wa hoteli na kibarua wa kutandika vitanda anayelipwa kwa siku hawakuwa na marejesho ya kupangiwa upya. Fao la kukosa ajira la hifadhi ya jamii nalo ni la aliyechangiwa na mwajiri, na kibarua hachangiwi.

Wako wanaosema tungeiga wengine. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 na kutenga shilingi bilioni 2 za Kenya za mikopo nafuu kwa ajili ya hoteli. Uingereza iliishusha kodi hiyo kwa hoteli na migahawa kutoka asilimia 20 hadi 5, na Agosti 2020 ikawalipia walaji nusu ya bei ya chakula kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, kwa kikomo cha pauni 10 kwa mtu. Sioni jinsi hilo lingefanya kazi hapa. Gesti ya vyumba vinane mara nyingi haijasajiliwa kwenye kodi hiyo, basi ipunguziwe nini?

Naona jambo moja ambalo lingewezekana bila kuiga wala kukopa: Serikali yenyewe ndiyo mteja mkubwa wa hoteli zetu. Kulipa kwa haraka madeni ya semina zilizokwisha kufanyika, na kulipia mapema sehemu ya zile zitakazofanyika hali ikitulia, kungeweka fedha mkononi mwa mwenye hoteli, naye angekuwa na cha kumlipa mvuvi na mama lishe. Sharti lingekuwa moja: asipunguze wafanyakazi. Hapo hapo, halmashauri ingeweza kuahirisha ushuru wa huduma na ada za leseni kwa mwaka mmoja.

Fedha kubwa zilikuja baadaye. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na madarasa 15,000 yakajengwa (mafundi wa Bagamoyo nao walipata kazi, na hilo lisibezwe). Utalii ulipata fungu lake, ila fedha hizo zilielekea zaidi kwenye miundombinu kuliko kwenye mifuko ya watu waliokuwa wamekosa kipato kwa mwaka mzima na zaidi.

Wengine hunijibu kwamba ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ipo, na sheria imeigawa: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana, kwa kanuni za wakati ule, aliishia miaka 35. Mwongoza watalii wa kiume mwenye miaka 50 na asiye na ulemavu hakuwa na fungu hata moja, ijapokuwa ndiye aliyepoteza wateja wote. Kanuni za mikopo hiyo zinahitaji kifungu cha dharura kitakachoiruhusu halmashauri kumkopesha mtu kwa sababu ya kazi iliyosimama, bila kujali umri wala jinsia, na kifungu hicho kiandikwe sasa wakati hoteli zina wageni.