PostgreSQL 18 na orodha za IN: takwimu zimetulia, uzito wa ulizo umefichika

PostgreSQL 18, toleo la mfumo wa hifadhidata lililotoka Septemba 2025, imebadilisha namna pg_stat_statements, kiendelezi kinachohifadhi takwimu za kila ulizo (query), inavyohesabu maulizo yenye orodha ya IN, yaani orodha ya thamani zinazotafutwa. Hadi toleo la 17, IN (1, 2, 3) na IN (1, 2, 3, 4) zilikuwa maulizo mawili, kila moja na mstari wake wa takwimu. Sasa zote zinaingia mstari mmoja unaosomeka IN ($1 /*, ... */), na hakuna mpangilio wa kuizima tabia hiyo. Kwa seva nyingi hii ni nafuu kubwa. Lakini anayetazama wastani peke yake atapotoka kuliko zamani.

Tatizo lililotibiwa ni la kweli. Usipobadilisha kitu, pg_stat_statements.max, kikomo cha mistari inayohifadhiwa, ni 5000. Programu inayotunga orodha za vitambulisho kuanzia 2 hadi 1000 inaweza kuzaa karibu mistari elfu moja kutokana na ulizo moja. Ikiwa na maulizo matano ya namna hiyo, nafasi imekwisha. Nafasi ikijaa, takriban asilimia 5 ya mistari isiyotumika sana hufutwa, na wakati huo kufuli la pekee hushikwa, kwa hiyo miunganisho mingine inayotaka kuandika takwimu husubiri. Baya zaidi, gharama ya ulizo moja hugawanyika vipande mamia, kila kipande kikiwa kidogo mno kuingia kumi bora kwa total_exec_time (jumla ya muda wa utekelezaji), ilhali kwa jumla ndilo linaloielemea seva. Kujua kama umeathirika, soma safu ya dealloc, inayohesabu mara ambazo mistari imefutwa, katika pg_stat_statements_info. Namba ikipanda kila siku, unapoteza takwimu. Kuongeza max kulisaidia kwa muda tu, tena kulidai kuwasha seva upya.

Hata hivyo, urefu wa orodha haukuwa kelele tupu. Kwa vitambulisho vichache, kipangaji (sehemu inayochagua njia ya kutekeleza ulizo) hutumia faharasa. Kwa maelfu, kinaweza kuamua kusoma jedwali zima. Mipango hiyo miwili sasa inakaa mstari mmoja. Chukua ulizo lililoitwa mara 10,000 kwa milisekunde 1, kisha mara 20 kwa milisekunde 4,000 kila moja. Wastani ni kama milisekunde 9, namba isiyomshtua mtu. Kumbe ile miito 20 imekula karibu asilimia 89 ya muda wote.

Wanaotetea mabadiliko husema kwamba wanaoandika = ANY($1) na kutuma thamani zote kama kigezo kimoja wameishi na mstari mmoja miaka yote. Ni jibu zito, nami naona limeshinda: mstari mmoja wenye wastani butu una faida kuliko mistari elfu inayofutwa kabla hujaisoma. Ila linakulazimu kubadilisha unavyosoma.

Panga kwa total_exec_time, kisha weka stddev_exec_time (mkengeuko wa muda) na max_exec_time (muda mrefu zaidi) kando ya mean_exec_time (wastani). Katika mfano wetu mkengeuko unafika kama milisekunde 178 dhidi ya wastani wa 9. Pengo la namna hiyo ndilo la kufuatilia. Tangu toleo la 17 unaweza kufuta kima cha chini na cha juu peke yake, bila kugusa jumla, kwa pg_stat_statements_reset(0, 0, 0, true), ili max isibaki ya mwezi uliopita. Kisha pakia auto_explain, moduli inayoandika mipango ya maulizo ya polepole kwenye logi, na uweke auto_explain.log_min_duration = '2s', ukiacha log_analyze imezimwa, maana kupima muda wa kila hatua ya mpango hugharimu. Ikiwa thamani zimeandikwa ndani ya ulizo lenyewe, logi itaonyesha orodha nzima na utahesabu urefu wake. Logi hiyo basi ina data halisi, hivyo bana ruhusa za kuisoma.

Kuhama nako kuna vikwazo. Baada ya pg_upgrade, zana ya kuhamia toleo kuu jipya, endesha ALTER EXTENSION pg_stat_statements UPDATE, la sivyo safu mpya hazitaonekana. Dashibodi zinazosoma op_bytes katika pg_stat_io, au wal_write na wal_sync katika pg_stat_wal, zitatoa kosa kwa sababu safu hizo zimeondolewa: baiti sasa zimo katika read_bytes na write_bytes, na hesabu hizo za WAL (kumbukumbu ya mabadiliko inayoandikwa kabla ya data yenyewe) zimehamia pg_stat_io. Chati zilizofungwa kwa queryid, namba inayotambulisha ulizo, zianzishwe upya siku ya kuhama, kwa kuwa hakuna dhamana kwamba namba hiyo itabaki ileile kutoka toleo kuu moja hadi jingine.