Konokono wa tangi la samaki: anasaidia, lakini si kwa kila kazi

Kioo cha tangi kikianza kufunikwa na mwani, ushauri wa haraka huwa ni mmoja: tia konokono. Kwa upande mwingine, wapo wafugaji wa samaki wasiotaka hata kumwona. Wakimkuta amejificha kwenye mmea mpya, wanamponda papo hapo. Kila upande una hoja yake, ila wote wanamzungumzia konokono kana kwamba yupo wa aina moja tu.

Nianze na sifa zake, maana anazistahili. Mtazame neriti, aina mojawapo ya konokono wa matangini, akipanda kioo, wewe ukiwa upande wa nje. Kinywa kinafunguka, unatokeza ulimi wenye safu za meno madogo mno, unakwangua, kisha unarudi ndani. Anakopita panabaki njia safi. Utando wa kahawia unaotokea kwenye matangi mapya anaumaliza, na hata yale madoadoa ya kijani yaliyoganda kwenye kioo, yanayowashinda samaki wengi, yeye huyakwangua. Mimea yenye afya haiharibu. Hapo wanaomsifu wako sahihi kabisa.

Lakini asivyokula navyo ni vingi. Mwani mweusi unaoota kama manyoya kwenye kingo za majani, konokono wengi huupita tu. Ule ute wa kijani-buluu unaonuka, ambao kwa hakika ni bakteria, hawautaki. Maji yenyewe yakigeuka kijani hawana la kufanya, kwa sababu mwani huo unaelea. Zaidi ya hayo, alichokula konokono hakitoki tangini: kinarudi majini kwa njia ya kinyesi, na sehemu kubwa ya naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vilivyoulisha mwani, inabaki humohumo. Taa inayowaka mchana kutwa na chakula kinachozidi ni matatizo ambayo konokono hawezi kuyatatua. Washa taa kwa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji kila wiki, ndipo kazi yake itaonekana.

Lalamiko kubwa la wanaowakataa ni kwamba wanazaana. Kwa baadhi ni kweli. Wale wadogo wa kahawia wanaoingia na mimea wana jinsia zote mbili, na mmoja tu anaweza kuanzisha ukoo. Melanoides tuberculata, mwenye gamba refu lililochongoka, hujifukia mchangani, huzaa watoto hai, na jike hana haja ya dume. Hata hivyo, idadi yao hufuata chakula. Wakijaa, ujue tangi linalishwa kupita kiasi. Kuwamwagia dawa yenye shaba ndilo kosa baya zaidi: wanakufa wote kwa mpigo, mizoga inaoza, amonia, ambayo ni sumu, inapanda, na samaki nao wanakufa.

Neriti hana tatizo hilo, kwani viluwiluwi vyake vinahitaji maji ya chumvichumvi ili vikue. Atabandika tu mayai meupe, magumu, kwenye vioo na magogo, na wapo wanaokereka kuyaona. Gharama ya sifa hiyo ndiyo isiyotajwa vya kutosha. Kwa kuwa kumzalisha ni kazi ngumu, neriti wengi wanaouzwa wamechukuliwa katika mazingira yao ya asili. Anatolewa huko, anatiwa katika tangi dogo jipya, anamaliza mwani uliopo, kisha anakufa njaa, maana wengi hawakigusi chakula cha kuwekewa. Jambo hili linaniuma. Yakiwa maji laini, yenye madini machache, na pH yake iko chini ya 7, yaani yana asidi, mateso yanaongezeka: gamba, ambalo ni kalsiamu kaboneti, linaanza kulika, linageuka jeupe na kutoboka.

Kwa maoni yangu, tangi lililokomaa, lenye maji magumu na mwani unaoendelea kuota, linamfaa neriti mmoja au wawili. Mwenye tangi dogo la wiki chache achukue sponji akwangue kioo mwenyewe.

Wengine hukwepa gharama kwa kuokota konokono mtoni au bwawani. Hapa sioni pande mbili. Konokono wa jenasi (makundi ya spishi za karibu) za Biomphalaria na Bulinus hubeba vimelea vya kichocho, na aliyeambukizwa anaweza kuvitoa majini kwa wiki nyingi. Vimelea hivyo hupenya ngozi, na mkono unaosafisha tangi unaingia katika maji hayohayo. Biomphalaria ana gamba bapa lililojiviringisha; kwa macho tu ni vigumu kumtofautisha na jamaa zake wanaofugwa.

Safari ya kinyume, ya konokono wa kufugwa kutoroka au kutupwa nje, nayo ni hatari. Konokono Pomacea canaliculata, wa asili ya Amerika Kusini, alipelekwa Asia afugwe kwa chakula, akaishia kuwa mharibifu mkubwa wa mpunga. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi nzima, akiwemo Pomacea diffusa, anayependwa na wenye matangi na asiye mlafi wa mimea hai. Wapenzi wake walilalamika kwamba ameadhibiwa kwa kosa la ndugu yake. Nawaelewa, ila wakiwa wachanga ni vigumu kuwatofautisha, na naona katazo lilistahili. Konokono waliozidi tangini wagandishe kwenye friza kabla ya kuwatupa, na maji ya tangi uyamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro unaoelekea mtoni.