Kreifishi kwenye mito ya Tanga: kuwavua rahisi, shida iko kwingine

Kuna hoja inapendwa sana vijiweni Muheza na Korogwe, hasa na wale wenye vibwawa vya samaki, kwamba tulete kreifishi tuwamwage vijitoni wazaane, halafu kila mwenye mgono wake avue akauze hotelini. Kwa ambaye hajawahi kumwona, anafanana na kamba koche mdogo ila huyu ana magando na anaishi maji baridi, na yule anayejulikana zaidi ni mwekundu. Afrika bara hatuna kreifishi wa asili hata mmoja, wa asili wako Madagascar tu, kwa hiyo ukisema kreifishi wa Tanga unaongelea mgeni wa kuletwa. Na kuingiza kiumbe kigeni cha majini bila kibali ni kosa, hilo watu huwa wanalipita haraka sana kwenye maongezi.

Sasa mi siwaoni wajinga hao wanaosema waletwe, wana mfano wa karibu kabisa. Kenya waliwaingiza Ziwa Naivasha mwaka 1970, kreifishi wa kutoka kusini mwa Marekani, na ndani ya miaka michache watu wakawa wanavua na kupeleka mpaka Ulaya. China nao ni wa kuletwa vilevile na leo wanazalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, wengi kwenye mashamba ya mpunga. Halafu kuvua kwenyewe hakuhitaji mtaji: huna haja ya boti wala injini, mgono au kidema kidogo, utumbo wa samaki ndani, unatega jioni kwenye maji ya magoti, asubuhi unatoa. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza, mtoto wa shule anaweza hata kwa uzi na kipande cha nyama. Linganisha na Bagamoyo ambako ukitaka kamba wa baharini uwe na ngalawa, wavu, na uwe na moyo wa kwenda nao.

Ila hoja yao nzito kuliko zote si pesa, ni kichocho, na ajabu ni kwamba wenyewe hawaitumii kabisa. Kreifishi anakula konokono, na konokono wa maji baridi ndiye anayelea vimelea vya kichocho kabla havijamwingia binadamu. Kenya walijaribu hili upande wa Machakos, utafiti ukatoka 1999, pale kreifishi waliposhika vizuri konokono walipungua sana na watoto waliokuwa wametibiwa hawakurudi kuambukizwa kwa kasi ileile. Kwa mkoa kama Tanga ambako mtoto kukojoa damu ni habari ya kawaida tangu enzi za babu zetu, hili huwezi kulipuuza hivihivi, na anayepinga kreifishi bila kuligusa naona anakwepa.

Upande wa pili sasa. Naivasha hiyohiyo, kufika mwanzoni mwa miaka ya 80 majani ya chini ya maji yalikuwa yametoweka sehemu kubwa ya ziwa na kreifishi walikuwa washukiwa wakuu, maana wanakula kila kitu, majani, mayai ya samaki, mizoga. Samaki akinaswa kwenye nyavu wanamwahi kabla ya mvuvi, na nyavu wanazikata. Zambia nako kuna aina nyingine iliyotoroka kutoka kwenye ufugaji ikaingia mto Kafue, na malalamiko ya wavuvi ni yaleyale. Juu ya hapo wanachimba mashimo kwenye kingo, ebu fikiria mifereji ya skimu ya mpunga ya Mombo ikianza kuvuja kila mahali, nani ataziba? Na sisi tuna vyetu vya kupoteza: kuna perege anaitwa kabisa kwa jina la Korogwe, anapatikana mabonde ya Pangani na Zigi, mayai na makinda yake hayajawahi kukutana na mnyama wa namna hii.

Jibu la kawaida hapa ni "wakizidi tutawavua". Hapa ndipo mi nagoma kabisa. Mgono unakamata wakubwa, wadogo wanapita, na jike mmoja anabeba mayai mamia chini ya mkia, kwa hiyo ukiwatoa wakubwa umewapunguzia wadogo washindani na chakula kimebaki kingi. Kamba wetu wa mtoni wengi makinda yao lazima yapate maji ya chumvichumvi kule mikokoni ndo yakue, kwa hiyo wana mpaka wao. Kreifishi hana huo mpaka, anazaa na kukulia hapohapo kwenye maji baridi, na usiku wa mvua anatoka majini anatembea nchi kavu mpaka kijito cha pili. Tena uvuvi wenyewe ndo unamsambaza, maana akishakuwa pesa kila mtu anataka awe naye karibu na nyumbani, anabeba kwenye ndoo kutoka Muheza anamwaga Handeni, na hakuna afisa uvuvi wa kuzilinda ndoo zote za mkoa mzima.

Na pesa yenyewe tuiangalie vizuri. Nyama inayoliwa ni ya mkia, kilo nzima ya kreifishi hai inakupa nyama isiyofika robo kilo. Hoteli za hapa zinapata kamba wa Saadani, mteja atamwacha huyo amfuate huyu kwa lipi? Ulaya unahitaji ubaridi, vyeti, na mzigo wa uhakika kila wiki. (Suala la halali na haramu sijaligusa, waachieni masheikh, maana kuhusu kaa tu bado hawajakubaliana.) Kama mtu ana nguvu ya kuhangaika na wanyama wa magando basi kuna kunenepesha kaa wa mikokoni, ni wa kwetu na wanunuzi wapo tayari.

Wapo wanaosema tufuge kwenye mabwawa tu, wasiguse mto. Mabwawa mengi huku yamechimbwa pembeni ya kijito ili maji yaingie bure, masika ikikaza bwawa na mto vinakuwa kitu kimoja. Matenki ya simenti yenye ukuta na wavu juu hayo sawa, lakini hayo yana gharama na hoja nzima ilianza kwa sababu ya urahisi.

Kwa hiyo kinachobaki mkononi ni kichocho peke yake. Na hicho nacho dawa yake ipo, vidonge vinagawiwa mashuleni, vyoo vinajengeka, na siku tukiona vidonge vimekosewa dozi tunabadilisha mwaka unaofuata. Kreifishi akishaingia Zigi, maji yanayoteremka mpaka bwawa la Mabayani yakaenda kwenye mabomba ya Tanga mjini, hamna wa kumtoa.